Siku Mulango Aliposema Atafunga

Jina lake ni Assumani, lakini ukishuka kwenye boti bandarini Kalemie ukauliza Assumani, utaoneshwa watu kumi, na kila mmoja atakuambia yule mwingine njo mwizi wa jina. Uliza Mulango. Hapo hata mwenye taximoto atakupeleka bila kubishania bei, na njiani atakusimulia penalti ambayo Mulango aliishika mwaka ambao yeye mwenye kusimulia alikuwa bado ananyonya.

Mulango ni kipa. Kazi inayomlisha ni nyingine: ni kapita, msimamizi wa wabebaji wa saruji. Ana miaka arobaini na nane, magoti yanayolia kama kitanda cha wageni, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilichoamua zamani kutazama upande wake chenyewe. Babu yake alikuja kutoka Ujiji na chumvi, akaoa, akasahau kurudi. Nyumbani kwao kumekuwa na wauza chumvi, wauza vitambaa na wauza samaki. Kipa ni yeye tu, na marehemu baba yake alikufa akiwa anangoja apate akili.

Kombe analolichezea linaitwa Kombe la Sabuni, na lilianzishwa na mkunga. Mama Émérence, mkubwa wa wakunga katika maternité moja ya mji, zamani zile baada ya vita, aliona wanawake wanakuja kuzaa na kila kitu: kitenge, jina la mtoto, mama mkwe. Kila kitu isipokuwa sabuni. Jumapili moja akabeba beseni, akasimama pembeni mwa kiwanja ambapo wabebaji wa bandari walikuwa wanacheza na vijana wa upande wa mto Lukuga, akasema anayetaka kutazama atoe kipande cha sabuni, asiyetaka ageuze uso. Kiwanja hakikuwa na ukuta. Mama alikuwa anauza hewa. Lakini ni mtu aliyekuona siku ya kwanza ukiwa na rangi ya biringanya, na nusu ya wachezaji aliwapokea kwa mikono yake mwenyewe. Walitoa.

Tangu hapo timu za mji zinapambana kila mwaka kuanzia Januari, na finali ni tarehe nane Machi, sikukuu ya wanawake, ili siku hiyo wanaume nao waonekane wamefanya kitu. Watu wanaleta sabuni ya mawese iliyoviringwa kwa mkono, wanaleta miche ya buluu ya Kigoma, na waheshimiwa wanaleta vile visabuni vidogo vya hoteli, vikiwa na jina la hoteli bado. Kisha kuna desturi inayoitwa kutia sabuni. Unatia kipande chako kwa timu yako. Timu ikishindwa, sabuni inaenda maternité. Timu ikishinda, sabuni inaenda maternité. Mshindi anachopata ni haki ya kumcheka aliyeshindwa mpaka Machi nyingine, na aliyeshindwa haruhusiwi kukasirika. Kuna ndoa mjini hapa zinazojulikana kabisa kwamba zinaishi kwa haki hiyo.

Assumani amesimama golini kwa Union Bandari tangu Kombe lilipoanza. Jina la Mulango alipewa mwaka wa kwanza, na hakulivua tena. Akiingia biro yoyote ya serikali, karani ananyanyua kichwa. Akipita sokoni, wamama wanamwita wamwoneshe mtoto aliyezaliwa juzi. Bandarini kuna wabebaji wengi wenye migongo mizuri kuliko wake, lakini hakuna mtoto anayeletwa kuoneshwa mgongo. Anajua hilo. Toa zile glavu mikononi mwake, atabaki mzee mweupe kwa saruji anayetembea kwa shida kwenda nyumbani.

Mwaka huu finali iliangukia ndani ya Ramadhani.

Siku chache baada ya mwezi kuandama, Elodie, mtangazaji wa asubuhi wa redio ya mtaa, alimwita studio. Elodie ana sauti tamu inayouliza maswali ya uchungu. Alimwambia watu wanasema Mulango amelegea bawaba, kisha akamuuliza: siku ya finali itakuwaje?

"Siku ya finali mimi nitafunga," alijibu Assumani. "Na hakuna muntu wa kunizuia kufunga."

Alitoka studio akiwa amefurahi sana. Mji ukabaki na lile neno.

Kwetu goli halifungwi, linatiwa. Ukifunga, umefunga mlango. Kwa hiyo wabebaji wa bandari walisikia kwamba hakuna mpira utakaopita. Wazee wa msikiti walisikia kitu kingine: kwamba hata siku ile, jua likiwa juu ya kichwa, Assumani hatakunywa maji mpaka magharibi. Lakini hapa ni ziwani. Boti za Kigoma zinatuletea saruji, vitunguu na Kiswahili chao, na kwa watu wa Kigoma kufunga ni kutia mpira wavuni. Wafanyabiashara wao walisikia kwamba kipa wa miaka arobaini na nane, ambaye hajawahi kuvuka katikati ya kiwanja isipokuwa kwenda kupigana, ametangaza redioni kwamba atafunga goli. Kulikuwa na mama mmoja, mke wa askari wa gereza, aliyeuliza Mulango atamfunga nani. Huyo hakutia sabuni.

Yeye mwenyewe ukimuuliza leo alikuwa na maana gani, anasema ya mlango. Mke wake anasema alikuwa na maana ya kusikika.

Mtu mwingine angemrudisha redioni aeleze. Mama Émérence alimpigia Elodie simu, akamwambia akithubutu kuuliza swali hilo tena atafute mahali pengine pa kuzalia. Kisha akapanga mabeseni matatu kwenye baraza la maternité: beseni la saumu, beseni la mlango, beseni la Kigoma. Kila mtu atie anapoelewa. Baada ya wiki moja mabeseni yalibadilishwa yakawa makarai, na mtu aliyekuwa hajui hata offside alikuwa anapigana kwenye kilabu cha pombe juu ya maana ya kitenzi.

Aliyekosa usingizi ni Kalala. Huyu njo mwenye timu, na ana duka la rangi na misumari. Anapenda kuitwa Président, na mke wake anamwita hivyo hasa wakigombana. Kalala alikuwa ametia sabuni nyingi katika beseni la mlango, mbele ya watu, na kila alipofikiria jua la Machi na koo la Assumani, aliona sabuni zake zinayeyuka. Alianza kwa upole. Alimtumia chupa za maji baridi kazini, saa sita mchana, kwa mkono wa mtu aliyeagizwa kuziweka tu pale karibu na kuondoka. Wabebaji wengine waliziona ni baraka wakazinywa. Upole ukaisha. Siku ya mazoezi Kalala alifika kiwanjani na Steve.

Steve ana miaka ishirini na mbili, anasoma chuo, ni mrefu hivi kwamba akinyoosha mkono anagusa mwamba wa goli bila kuruka, na ana adabu, kitu kilichomuumiza Assumani kuliko urefu. Kalala aliikusanya timu, akamsimamisha Steve upande mmoja na Assumani upande mwingine, kama mtu anayechagua kati ya makabati mawili.

"Papa Mulango, mimi sipigani na Mungu," alisema. "Lakini Mungu hayuko kwenye komite. Kunywa siku ile moja, utalipa baada ya Idi. Hata sheikh wako anajua."

"Sheikh wangu ametia miche miwili kwamba sitakunywa."

"Basi tusikilizane mbele ya hawa. Tukishindwa, unamvulia Steve glavu palepale, watu wakitazama. Na jina pia. Mulango ni yule aliye golini."

Assumani angeweza kucheka. Angeweza kusema jina halivuliwi. Lakini timu nzima ilikuwa inamtazama, na Steve alikuwa anatazama chini kwa adabu yake ile, na mzee akasikia mdomo wake unasema sawa.

Alipomsimulia mke wake jioni, Salama hakupiga kelele. Salama anakaanga sambusa ambazo nusu ya bandari inafuturu nazo, hata Wakatoliki. Alimsogezea uji, akamngoja ameze, ndipo akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao: "Papa Jamil, umesema neno moja, umewauzia watu watatu. Wakija kulichukua, utamgawia nani?"

Assumani alisema atawapa wote. Salama akauliza, na timu ikishindwa? Akajibu kwamba wakishindwa, basi atakuwa Assumani tu, ndiyo mwisho. Salama akamwambia yeye aliolewa na Assumani. Huyu Mulango alikuja baadaye na soksi zake, na hakuna aliyemuuliza yeye kama anamtaka.

Siku zilizobaki zilikuwa mbaya. Watu wa beseni la saumu walimlinda asinywe. Watu wa beseni la mlango walimlinda asianguke. Watu wa Kigoma walikuja kutazama mguu wake wa kulia, wakauminya kama wanaochagua viazi. Akienda bombani kutawadha, wazee wawili walisimama karibu wakihesabu anavyosukutua na kama anatema yote. Fundi mmoja wa redio alidai ameona kidevu cha Mulango kikiwa na maji, na kabla ya alasiri habari ilikuwa imefika mpaka kambi ya wakimbizi Katanika, ikiwa imekua njiani na kuwa kuku mzima wa kuchoma. Sheikh alilazimika kumtembelea. Alimsogelea tu, akavuta pumzi karibu na mdomo wake, akaaga. Assumani alianza kuota kwamba amesimama kwenye mlango usio na nyumba, na watu wanapita pembeni.

Finali ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa imekosa adabu wiki nzima, lakini siku hiyo haikuonekana. Kulikuwa na jua tu, la aina ile inayofanya bati zilie. Wanawake walijaa kiwanjani na vitenge vyao vya sherehe, Wakristo wakitoka misani, Waislamu wakijitandaza kwenye kivuli kidogo kilichopatikana. Mabeseni yalikuwa yamekwisha kuwa mapipa. Wapinzani walikuwa Étoile ya Lukuga, na golini kwao alisimama Dédé, mchinja ng'ombe, mtu mwenye mapaja ambayo Mungu alikuwa ameyakusudia kwa watu wawili.

Kabla ya mpira Salama alimfunga mume wake glavu. Mikanda ya zile glavu ilikatika miaka mingi iliyopita, kwa hiyo anazifunga kwa vipande vya mpira wa tairi ya baiskeli, anazungusha kifundoni, anakaza fundo kwa meno. Mtu aliyevaa hawezi kulifungua fundo la Salama. Vidole vikubwa vya glavu havishiki kitu. Ndiyo sababu kila mwaka, mapumziko yakifika, Salama anakuwa nyuma ya goli na chupa, anamnywesha kama ndama. Mwaka huu alikuja na tende na termosi ya uji, akaviweka nyuma ya wavu, akavifunika kwa kanga, kisha akakaa juu ya jiwe na kutazama magharibi badala ya kutazama mpira.

Mpira ulipangwa kuanza mapema, ili uishe watu wa saumu wakiwa bado na nguvu ya kutembea. Lakini kulikuwa na mheshimiwa. Mheshimiwa aliahidi kufungua finali, na bila yeye hakuna kuanza. Wachezaji walipanga mstari juani wakamngoja. Alipofika, akatoa hotuba juu ya sabuni. Alieleza historia ya sabuni. Alieleza mahali ambapo taifa lingekuwa kama kila mtu angeoga. Assumani alisimama mwisho wa mstari, midomo imeanza kupasuka, na mbele yake palikuwa na meza ya wakubwa yenye chupa za maji zinazotoa jasho. Hakuzitazama. Alitazama viatu vya mheshimiwa, akapata mahali pa kuweka hasira yake.

Refa, mwalimu Michel, alipopuliza filimbi, jua lilikuwa limekwisha kuinama upande.

Kipindi cha kwanza Étoile walikuja kama watu waliosikia kuna kitu cha bure. Assumani aliruka mara ya kwanza, akaupangua mpira kwa kile kidole kijeuri. Akaruka mara ya pili, na aliposimama alishika mlingoti, akaushika muda mrefu kuliko inavyohitajika. Wabebaji waliimba jina lake. Yeye alikuwa hasikii jina, anasikia mlio mmoja mwembamba, kama wa mbu, ndani ya sikio. Mapumziko yalipofika wenzake walikimbilia maji. Yeye alijilaza kifudifudi nyuma ya goli, paji la uso likiwa kwenye udongo, na Salama alimpepea kwa kanga. Kalala alifika, akachuchumaa, akaiweka chupa ya maji mbele ya macho yake.

"Funika kichwa na taulo, kunywa," alinong'ona. "Nani ataona?"

Assumani hakunyanyua kichwa. Alisogeza chupa kwa kiwiko mpaka ikaanguka, na maji yakamwagika polepole mbele ya pua yake. Wazee wa msikiti waliokuwa wanachungulia walirudi kukaa.

Kipindi cha pili aliona mipira miwili. Hilo alilisimulia baadaye. Anasema alikuwa anachagua mmoja, na kila mara alichagua vizuri. Steve alikuwa ameketi kwenye benchi amevaa glavu zake mpya, na kila Mulango alipoanguka, Steve alisimama, na kila aliposimama, Steve alikaa, mpaka watu wakaanza kumwambia achague. Shuti moja la mbali liligonga mwamba, likamgonga Assumani mgongoni, likaenda nje. Mpira uliisha hakuna aliyetia. Watu wa beseni la mlango walitaka kuanza kucheka, lakini mwalimu Michel alikwisha kuweka mpira kwenye doa la penalti.

Mama Émérence alitoa tangazo kwamba mlango ulihesabiwa kwa mchezo wenyewe, penalti ni mambo mengine. Hivyo mabeseni mawili yalikuwa karibu kushinda. La Kigoma likabaki. Lakini Assumani hakuwa anafikiria mabeseni. Alikuwa anafikiria glavu. Wakishindwa sasa, hata mchezo mzima ukiwa hakuna lililopita, zinaondoka.

Walipiga tano-tano. Bandari walitia tatu, Étoile wakatia tatu. Na hapo inaingia kanuni ya Kombe la Sabuni, ambayo huipati mahali pengine: zikiwa sawa baada ya tano, makipa wanapigiana wenyewe kwa wenyewe. Mama Émérence aliileta kanuni hiyo kwa sababu giza likiingia sabuni zinaanza kutembea. Michel alirusha kitu hewani. Assumani apige kwanza, kisha Dédé.

Alikuwa ameanza kutembea kuelekea doa la penalti wakati adhana ilipotoka upande wa msikiti.

Ilikuja nyembamba juu ya kelele, halafu kelele zikapungua, kwa sababu kila mtu alielewa. Saumu imekwisha. Salama alikuwa amesimama tayari, termosi mkononi, tende kwenye kiganja.

"Papa Jamil," aliita. "Fungua."

Neno hilo moja. Mwislamu yeyote anajua maana yake: jua limezama, kula, usichelewe. Lakini wabebaji wa bandari, watu waliokuwa wamekaa wiki mbili ndani ya kitenzi kimoja, walisikia mke wa Mulango anamwambia Mulango afungue. Penalti ya Dédé inakuja, na huyu mama anasema fungua.

"Usifungue," mmoja alipiga ukelele. Akafuata wa pili. Ikawa wimbo, na makofi juu. Aliyekuja mbio kuliko wote alikuwa Kalala, Kalala yuleyule wa chupa chini ya taulo, amenyoosha mikono yote miwili kati ya mchezaji wake na uji.

"Baba, usifungue sasa. Dakika mbili tu. Ukifungua sasa umetuua."

Wazee wa msikiti walisimama, wakaanza kueleza kwa sauti kwamba kuchelewesha si sunna. Hakuna aliyewasikia. Assumani alimtazama mke wake. Tende ilikuwa pale, hatua chache. Kisha akatazama watu wote wale wanaoimba, na ni wimbo juu yake, Mulango, na hajui kama ataimbiwa tena. Aliinua glavu moja kwa Salama: ngoja.

Salama alikaa tena juu ya jiwe. Aliweka tende kwenye kifuniko cha termosi, akakaza mdomo.

Assumani alipiga penalti yake kama mtu anayepiga teke mlango wa choo. Mpira ulipanda, ukapita juu ya goli, juu ya watu, ukaelekea ziwani. Wafanyabiashara wa Kigoma walishika vichwa. Mmoja alitamka taratibu kwamba basi, hajafunga, na beseni lao likafa pale.

Sasa ikabaki Dédé. Akitia, Étoile wanachukua Kombe na Steve anachukua glavu. Akikosa, wanarudia, na Mulango bado ni Mulango.

Assumani alirudi golini. Ulimi wake ulikuwa kipande cha mbao. Aliramba midomo, haikusaidia. Dédé alirudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka watu wa pembeni wakampisha. Alipoanza kukimbia ardhi ilisikika. Assumani hakuruka. Anasema hakuwa na cha kurukia, miguu ilikwisha kukataa. Alibaki katikati, akainua mikono mbele ya uso kama mtu anayezuia moshi, na mpira ukaja palepale, ukagonga glavu zote mbili, ukapanda juu moja kwa moja.

Kiwanja kililipuka. Wabebaji waliingia ndani. Kalala alipiga magoti. Assumani alisimama akiwa haamini, mikono bado juu, kisha wazo moja tu likabaki katika kichwa chake chote, na halikuwa glavu wala jina. Lilikuwa maji. Aligeuka kumwendea Salama nyuma ya wavu.

Mpira ulikuwa umeshuka. Ulidunda mara moja nyuma yake, ukiwa bado unazunguka, ukarudi polepole kuelekea goli, ukimfuata mguuni kama mbwa anayejulikana nyumbani. Steve aliuona. Alinyanyuka kwenye benchi akaita, "Papa, mpira," na hiyo ni haki yake, lazima isemwe. Lakini kulikuwa na kelele. Assumani alinyoosha hatua kuelekea termosi, kisigino kikagusa kitu, na hicho kitu kikavuka mstari bila haraka, kikaenda kulala kwenye kona ya wavu.

Mwalimu Michel alitazama mpira. Alitazama watu waliomzunguka, akafikiria afya yake. Halafu akapuliza filimbi na kuonesha katikati, goli la Étoile, kwa sababu mpira ulikuwa bado unatembea, na sheria ni sheria hata kwa mtu mwenye kiu.

Kimya kilikuwa kizito hivi kwamba ziwa lilisikika. Na katika kimya kile, kutoka upande wa boti, mfanyabiashara mmoja wa Kigoma alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani:

"Si amefunga?"

Ilichukua muda watu kuelewa. Kisha kicheko kilianzia kwa Wakigoma, kikapita kwa wazee wa msikiti, kikawafikia hata wabebaji wengine ambao hawakutaka. Saumu, amefunga. Mlango, mchezo mzima, amefunga. Goli, amefunga, hata kama ni la kwake mwenyewe. Hakuna aliyetia sabuni akataja ni goli la upande gani. Elodie alikuwa anayasema hayo redioni moja kwa moja, sauti imemkatika. Mabeseni yote matatu yameshinda, kwa hiyo mwaka mzima hakuna anayejua nani ana haki ya kumcheka nani. Mama Émérence hakucheka. Alikuwa anaita watu wa kubeba mapipa kabla giza halijashuka.

Assumani alikuwa bado amesimama nyuma ya wavu, mbele ya mke wake, mgongo kwa kiwanja.

Kalala alifika na Steve. Uso wa Kalala ulikuwa umebomoka, na mtu wa namna hiyo anashika alichobakiza, na alichobakiza ni mapatano. Alisema walisikilizana, palepale, watu wakitazama. Watu kweli walikuwa wanatazama. Steve alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye anaweza kungoja hata kesho. Kalala akasema hapana.

Assumani hakubisha. Alimnyooshea Salama mikono yote miwili, zile glavu kubwa zilizofungwa kwa mpira wa tairi.

"Mama Jamil," alisema, na sauti haikutoka vizuri. "Nifungulie."

Hakusema nini. Kalala alidhani ni glavu, akasogea kupokea. Salama alimpita kama mlingoti. Alifungua termosi, akamshika mume wake shingoni, akamwekea tende mdomoni, halafu uji, kidogo, halafu zaidi, huku mikono ya mzee imening'inia mbele haina kazi. Alikunywa mpaka ukamwagika kwenye jezi. Kalala alingoja. Steve aligeuka akatazama ziwa. Wazee wa msikiti nao, mmoja baada ya mwingine, walikumbuka kwamba hawajafuturu.

Ndipo Salama alipoinama, akakamata fundo la mkono wa kulia kwa meno, akalivuta likaachia. Alimpa Steve ile glavu bila kumtazama.

"Haya, Assumani," alisema. "Lete na mkono mwingine."